Saa ngumu za mkononi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nimevaa saa za aina hii kwa zaidi ya miaka ishirini, nimezifungua kwa mikono yangu mwenyewe, na chache nimeziharibu kwa kutojua. Maswali yaliyo hapa ni yale ninayoulizwa kila mtu anapoiona saa yangu. Baadhi ya majibu ni marefu kwa sababu jambo lenyewe lina mengi ndani yake.

Saa ngumu ni ipi hasa? Si suala la ukubwa tu?

Ukubwa si hoja. Saa huitwa ngumu inapoweza kupata pigo, maji, vumbi, baridi au joto kali na bado ikaendelea kuonyesha wakati sahihi. Zipo saa nene zenye skrubu za mapambo ambazo zikianguka sakafuni mara moja zimekwisha, na zipo nyembamba zinazodumu miaka na miaka. Kinacholindwa ni kitu kidogo sana, yaani mashine iliyo ndani. Kila kilicho nje yake, kuanzia mkanda hadi kioo, kipo ili pigo likifika pale katikati liwe limekwisha nguvu. Ukilishika hilo, karibu kila swali linalofuata litakuwa jepesi.

Kabla ya saa hizi, watu wa kazi nzito walivaa nini?

Walivaa saa za kawaida zilizoongezewa kinga. Katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia askari wengi walifunga saa mkononi ili mikono yao ibaki huru, na baadhi ya saa hizo zilifunikwa wavu wa chuma juu ya kioo. Mwaka 1926 Rolex ilitoa kasha la Oyster. Kifuniko chake cha nyuma, ukingo wa mbele na kile kitasa cha pembeni cha kurekebishia saa vyote hukazwa kwa kuzungushwa, kama kifuniko cha mtungi. Mwaka uliofuata mwogeleaji Mwingereza Mercedes Gleitze aliivaa shingoni alipokuwa akijaribu kuvuka bahari iliyo kati ya Uingereza na Ufaransa. Alikaa katika maji ya baridi kwa zaidi ya saa kumi. Siku ile hakufika ng'ambo, lakini saa ilitoka majini ikiwa bado inatembea.

Maji yakawa yamepatiwa dawa, likabaki pigo. Ndani ya saa ya mitambo kuna gurudumu linaloyumba huku na huku juu ya ncha nyembamba mno, na saa ikianguka, ncha hizo ndizo huvunjika kwanza. Katika miaka ya 1930 vikaenea vifaa kama Incabloc. Ni chemchemi ndogo, yaani springi, inayokiachia kijiwe kinachoshikilia ncha kisogee kidogo wakati wa pigo, kisha inakirudisha mahali pake. Mafundi wale walikuwa wamegundua kwamba sehemu ikiachiwa nafasi ya kusogea hupona, na ikikazwa huvunjika. Wazo hilo lilirudi miaka hamsini baadaye kwa sura nyingine.

Katikati yakaja mapinduzi ya kwatzi, fuwele inayotetema ikipitishiwa umeme. Tarehe 25 Desemba 1969 Seiko ilitoa Astron, saa ya mkononi ya kwanza ya kwatzi kuingia sokoni, na mwaka 1972 Hamilton ikauza Pulsar, ya kwanza ya tarakimu za kielektroniki, ndani ya kasha la dhahabu, kwa dola 2,100. Lile gurudumu la kuyumba likapotea. Nafasi yake ikachukuliwa na kijipande cha kwatzi ambacho kwenye saa nyingi za leo hutetema mara 32,768 kwa sekunde. Usahihi ulipanda sana. Ugumu haukupanda nao, kwa sababu watengenezaji walianza kushindana nani atatoa saa nyembamba kuliko mwenzake.

Nani aliyebuni saa isiyovunjika ikianguka?

Kikuo Ibe, mhandisi wa Casio huko Japani. Alikuwa na saa aliyopewa na baba yake alipoingia sekondari. Siku moja akagongana na mtu, saa ikamtoka mkononi, ikaanguka chini na kusambaratika. Mwaka 1981 aliandika pendekezo la sentensi moja tu kazini kwake: saa ngumu isiyovunjika hata ikianguka. Hakuwa na mchoro wala hesabu. Pendekezo likakubaliwa, na kikundi kidogo cha watu kikaanza kazi kwa malengo matatu ya kumi kumi: saa istahimili kuanguka kutoka mita 10, ihimili maji ya mgandamizo wa baa 10 (kama wa kina cha mita 100), na betri idumu miaka 10.

Majaribio yalifanyika katika kituo cha utafiti cha Casio huko Hamura, Tokyo. Ibe alikuwa akizidondosha saa kutoka dirisha la choo cha ghorofa ya tatu, kisha anashuka ngazi kwenda kuokota vipande. Alianza kwa njia ambayo yeyote kati yetu angeanza nayo, akaizungushia saa mpira, tabaka juu ya tabaka. Ilipofika mahali pa kutovunjika, ilikuwa imekuwa bonge la mviringo lisilovalika mkononi.

Akageukia kukata pigo kwa hatua kadhaa ndani ya kasha lenyewe. Hapo ndipo mateso yalipoanza. Aliimarisha skrini, ikavunjika koili. Akaimarisha koili, kikavunjika kijipande cha kwatzi. Kila alipokinga kiungo kimoja, pigo lilitafuta kilicho dhaifu kinachofuata. Zaidi ya sampuli 200 ziliharibika. Alikuwa amejiwekea wiki moja ya mwisho kabla ya kukiri kushindwa, na katika wiki hiyo, akiwa amekaa bustanini, alimwona mtoto akidundisha mpira. Akawaza kwamba kama mashine ya saa ingekuwa inaelea katikati ya mpira ule, pigo la nje lisingeifikia.

Kutokana na wazo hilo akaiacha mashine ishikiliwe kwa sehemu chache tu ndani ya kasha, ikiwa imezungukwa na vifyonza mshtuko. Aprili 1983 DW-5000C ikaingia sokoni ikiwa ya kwanza katika ukoo wa saa ngumu za Casio uitwao G-Shock. Binafsi naiona siku ile ya bustanini kuwa ndiyo siku ya kuzaliwa kwa saa zote ngumu tulizonazo. Hata washindani waliokuja baadaye na vifaa tofauti kabisa wanaijibu hoja ileile: moyo wa saa uushikilie vipi bila kuubana.

Zilipendwa tangu mwanzo?

Hapana. Saa nono ya plastiki iliingia sokoni wakati wembamba ndio uliokuwa fahari. Iliyoisaidia ni Marekani, ambako tangazo la televisheni lilimwonyesha mchezaji wa hoki ya barafu akiipiga saa kwa fimbo kana kwamba ndiyo kile kisahani kinachopigwa katika mchezo huo. Watazamaji walidhani ni uongo, kipindi cha televisheni kikairudia hatua ile mbele ya kamera, na saa ikapona. Wazima moto, polisi na wanajeshi wakaanza kuivaa, kisha vijana wa mitaani, na katika miaka ya 1990 ikarudi Japani kwa kishindo. Kufikia 2017 G-Shock zilizosafirishwa duniani zilikuwa zimefika milioni 100.

Mbona zina maumbo ya ajabu, kama tairi la trekta?

Sehemu kubwa ya umbo hilo ina kazi. Chukua saa ya mraba ya ukoo ule wa 1983, uilaze kifudifudi mezani. Kioo hakigusi meza. Kinachogusa ni ukingo wa resini (plastiki inayonyumbulika), ule unaozunguka kioo, kwa sababu umeinuliwa juu ya kioo kwa kiasi kidogo sana ambacho ukitazama kwa juu hutakigundua. Sasa igeuze uilaze kwa mgongo. Mkanda unatoka kwenye kasha ukiwa tayari umepinda kwenda chini, kwa hiyo ni mkanda unaokanyaga meza na kifuniko cha nyuma kimebaki hewani. Isimamishe kwa ubavu: vitufe vimezama kati ya matuta mawili ya resini, pigo likija linapokewa na matuta. Upande wowote saa itakaoangukia, kuna kitu laini kilichotangulia. Mimi nilikaa na saa yangu miaka sita kabla ya kuligundua hili, na tangu siku hiyo sijaiangalia kwa macho yaleyale.

Baada ya 1983 kila kazi ilizaa umbo lake. Frogman ya 1993 ilitengenezwa kwa ajili ya wazamiaji, na kasha lake limehamishwa upande mmoja ili vitufe visiuchome mgongo wa kiganja mkono unapokunjwa. Mudman ya 1995 iliziba vitufe ili tope lisiingie. Rangeman ya 2013 ilikusanya vihisi vitatu, yaani vipimaji vya hali ya nje, kwa watu wa porini na milimani. Kuna matoleo ambayo rangi na michoro yake ni mapambo tu, na hakuna ubaya, lakini yanakaa juu ya mifupa ileile.

Casio haikuwa peke yake. Seiko ilikwishatoa mwaka 1975 saa ya wazamiaji ya mita 600 yenye kasha la titani lililovikwa ngao ya nje, wazo la karibu sana na ukingo wa resini uliokuja baadaye. Timex ilitoa Ironman mwaka 1986 kwa wanariadha, nyepesi na yenye vitufe vikubwa. Suunto ya Ufini, iliyoanza 1936 kama kampuni ya dira, ilitoa Vector mwaka 1998, ikiwa na kipima mwinuko, kipima mgandamizo wa hewa na dira ndani ya kasha moja.

Saa ya mishale inaweza kuwa ngumu kama ya tarakimu?

Inaweza, ila ni kazi zaidi. Mshale una uzito, na pigo likija unataka kuruka au kupotoka kwenye mhimili wake. G-Shock ya kwanza yenye mishale, AW-500, ilitoka 1989, miaka sita baada ya ile ya tarakimu. Nyingi za kisasa zina uwezo wa kujikagua na kuirudisha mishale mahali pake yenyewe. Saa za mitambo nazo zimeimarika, lakini kama kazi yako ni ya nyundo au mashine zinazotikisika mchana kutwa, chukua ya tarakimu.

Za chuma je? Chuma si ndicho kigumu?

Hapa watu wengi hupotoka, nami nilipotoka. Chuma kinastahimili mikwaruzo na kuvutwa, lakini kinapitisha pigo moja kwa moja hadi ndani. Resini hujikunja kidogo na kulimeza pigo kabla halijafika. Ndiyo maana Casio ilichukua miaka 13 kutoa MR-G, G-Shock ya kwanza ya chuma kwa nje, mwaka 1996. Na saa ya mraba ya chuma kitupu, GMW-B5000, ilingoja hadi 2018. Ukiifungua ile ya 2018 utakuta vifyonza mshtuko vya resini vimewekwa kati ya ukingo wa chuma na kasha, yaani ulaini umehamishiwa ndani usikoonekana.

Mwaka 2019 njia ikageuzwa tena. Kasha la resini likaimarishwa kwa nyuzi za kaboni, na kwa kuwa kasha lenyewe sasa halipindi, kinga ya nje ikaweza kupunguzwa. GA-2100, ile ya pembe nane, ina unene wa milimita 11.8 tu. Kwangu mimi hii ndiyo hatua nzuri kuliko zote baada ya 1983, kwa sababu iliondoa lile lalamiko la kweli kwamba saa hizi hukwama kwenye mkono wa shati.

Titani ni habari nyingine. Uzito wake ni zaidi kidogo ya nusu ya chuma cha pua kwa ujazo uleule, na haishiki kutu hata kwenye jasho na chumvi. Isipopakwa tabaka gumu, hukwaruzika haraka.

Imeandikwa mita 200. Naweza kuzama mita 200?

Usiielewe hivyo. Namba ile ni mgandamizo wa maji yaliyotulia uliotumika kuipima saa mpya, na baa 1 ni sawa na takriban mita 10 za maji. Saa ya baa 3 inavumilia mvua na kunawa mikono. Ya baa 5 inaweza kuvumilia kuogelea kwa upole. Kwa kuogelea kila siku, kuruka majini na michezo ya baharini tafuta baa 10 au zaidi, na saa ngumu nyingi zina baa 20. Kwa kuzamia kwa mtungi wa hewa tafuta maandishi ya ISO 6425, kiwango cha kimataifa cha saa za wazamiaji. Kiwango hicho kinadai angalau mita 100, saa ijaribiwe kwa mgandamizo unaozidi kina chake kwa robo, na wakati usomeke gizani kutoka sentimita 25.

Kinachoingiza maji mara nyingi hata si kina. Ni kubonyeza kitufe chini ya maji, ni maji ya moto na mvuke unaotanua mpira wa kuziba, ni sabuni inayolainisha mipira hiyo, na ni mpira uliozeeka. Saa ya mita 200 yenye mpira wa miaka kumi si ya mita 200 tena.

Na hili neno "kiwango cha kijeshi"?

MIL-STD-810 ni kitabu cha njia za kupima vifaa cha jeshi la Marekani, kilichoanza 1962: joto, baridi, mtikisiko, vumbi, chumvi, mwinuko na mengine mengi. Hakuna ofisi inayotoa cheti chake kwa saa ya kuvaa. Mtengenezaji huchagua vipimo vichache miongoni mwa vingi, anavifanya mwenyewe au kupitia maabara, kisha anaandika kwenye boksi. Uliza ni vipimo gani vilifanywa. Anayevitaja kimoja kimoja, mwamini zaidi ya anayechapa neno hilo kwa herufi kubwa na kunyamaza.

Linganisha na kiwango cha kawaida cha pigo, ISO 1413, kinachodai saa ivumilie pigo linalolingana na kuanguka mita 1 juu ya sakafu ya mbao ngumu. Ukikumbuka mita 10 za Ibe, unaona umbali uliopo kati ya saa ya kawaida na saa ngumu.

Kioo kipi ni bora?

Mchanga una kwatzi nyingi, na kwatzi ni ugumu wa 7 kwenye kipimo cha Mohs. Kioo cha madini kiko chini ya hapo, kwa hiyo mchanga unakikwaruza. Safaya, yaani yakuti ya kutengenezwa, ni 9, mchanga hauiwezi. Lakini kilicho kigumu kukwaruzika ni rahisi kupasuka kwa pigo la ncha, na safaya ikipasuka huwa vipande. Kwenye saa yenye ukingo ulioinuliwa kioo cha madini kinatosha. Kwenye saa ambayo kioo chake kimelingana na ukingo au kuzidi, lipia safaya.

Vihisi vya mwinuko, dira na joto vinasema kweli?

Vinasema kweli ya kile vinachopima, ambacho si kila mara ndicho unachodhani. Kipima mwinuko hakijui uko wapi, kinapima mgandamizo wa hewa tu. Karibu na usawa wa bahari mgandamizo hushuka kwa hektopaskali 1 (kizio cha mgandamizo wa hewa) kila unapopanda takriban mita 8. Sasa lala kambini, usiku hali ya hewa ibadilike na mgandamizo ushuke kwa hektopaskali 5. Asubuhi saa itakwambia umepanda mita 40 ukiwa usingizini. Wapandaji wazoefu huligeuza hilo kuwa faida. Kama hujasogea na mwinuko unapanda, jiandae kwa mvua. Rekebisha mwinuko kila unapofika mahali ambapo urefu wake umeandikwa.

Kipima joto kikiwa mkononi kinapima zaidi joto la mwili wako. Vua saa, iache kivulini nusu saa, ndipo usome. Dira nayo ishike mlalo, mbali na simu, gari na vyuma, na uisawazishe upya kila unaposafiri mbali au kubadilisha betri.

Umeme wa jua na mawimbi ya redio vina faida gani?

Vyote viwili vinapunguza sababu za kuifungua saa, na saa isiyofunguliwa haiingizi maji. Katika ukoo wa G-Shock umeme wa jua ulianza na Raysman ya 1998, na kupokea wakati kwa redio kukaanza na Antman ya 2000. Saa za jua hutumia hata mwanga wa taa za ndani, ingawa polepole. Usiiache kabatini miezi mingi, maana betri yake ya kuchajiwa huumia ikikauka kabisa.

Wakati wa redio hutoka kwenye saa za atomiki, ukirushwa na minara iliyo Fort Collins nchini Marekani, Mainflingen nchini Ujerumani, miwili nchini Japani, na mingine Uingereza na Uchina. Ukiwa nje ya eneo la minara hiyo, saa yako inabaki ya kwatzi ya kawaida, yenye kukosea takriban sekunde 15 kwa mwezi, na hakuna kilichoharibika. Katika hali hiyo toleo la Bluetooth linalochukua wakati kwenye simu lina maana zaidi. Casio ilianza nalo mwaka 2012.

Saa za GPS na saa janja ni ngumu kweli?

Kasha lake ni gumu, hilo silipingi. Garmin ilitoa fēnix mwaka 2012 na Instinct mwaka 2018, na Apple ikaja na Watch Ultra mwaka 2022 yenye kasha la titani. Zinapokea setilaiti, zinachora njia, zinapima mapigo ya moyo kwa taa ya kijani inayosoma damu chini ya ngozi. Kwa anayekimbia masafa marefu au anayehitaji kurudi kambini kwenye ukungu, hakuna saa ya kizamani inayofikia hapo.

Ila uzee wake ni tofauti. Saa ya betri ya kawaida hubadilishiwa betri ikaendelea. Saa janja ina betri ya kuchajiwa iliyozibwa ndani, inayopungua nguvu mwaka hadi mwaka, na programu ambayo siku moja mtengenezaji ataacha kuihudumia. Kioo cha rangi chenye kung'aa kinakula umeme. Skrini inayotumia mwanga wa jua wenyewe kusomeka haipendezi dukani, lakini mchana wa jua kali inasomeka vizuri kuliko zote. Kama unataka saa ya kukaa nayo miaka 15, usinunue saa janja. Kama unataka msaidizi wa mazoezi na safari, inunue ukijua kwamba itakufa kwa betri kabla haijafa kwa pigo.

Zinasomekaje gizani?

Rangi za radiumu zinazowaka gizani ziliachwa kwa sababu ya madhara yake kwa afya. Tritiumu huwaka yenyewe, na nusu ya nguvu yake huisha kwa miaka 12.3 hivi. Rangi ya Kijapani iitwayo LumiNova, iliyobuniwa 1993, hunyonya mwanga na kuutoa bila mionzi. Kwa tarakimu, Timex ilileta taa ya Indiglo mwaka 1992, uso mzima ukawaka, na G-Shock ikaifuata kwa njia hiyo mwaka 1994. Ushauri mmoja: kaa mbali na skrini yenye tarakimu nyeupe juu ya weusi kama macho yako yamechoka. Inavutia pichani, mwanga ukififia huisomi.

Nichague ipi?

Andika kwanza kilichoiua saa yako ya mwisho. Kama ni pigo, chukua ya tarakimu ya resini bila vihisi. Kama ni maji, tazama baa na skrubu za nyuma. Kama ni kusahau betri, chukua ya jua. Kila kihisi kinachoongezwa ni kazi nyingine kwa betri, na baadhi huhitaji tundu jingine kwenye kasha, kwa hiyo usilipie ambacho hutakitumia.

Ukingo na mkanda wangu vimepasuka. Saa imekufa?

Haijakufa. Resini ya urethani huoza polepole kwa unyevu wa hewa, jasho na joto, hata ikikaa ndani ya boksi. Ile saa yangu ya kwanza ilinifia mkononi hivyo. Nilishika ukingo nikasikia unamung'unyika kama biskuti, na chini yake kasha lilikuwa safi, mashine inatembea. Ukingo na mkanda ni vitu vya kubadilishwa, kama tairi. Agiza vya modeli yako kwa namba iliyochapwa kwenye kifuniko cha nyuma, toa skrubu ndogo nne za ubavuni, vua kizee, visha kipya.

Ili vidumu, suuza saa kwa maji baridi yasiyo na chumvi kila ukitoka baharini au ukitoka jasho jingi, na usipulizie dawa ya mbu ukiwa umeivaa. Dawa zenye DEET zinayeyusha baadhi ya plastiki.

Naweza kubadilisha betri mwenyewe?

Unaweza, kama una mikono iliyotulia na taa nzuri. Fundi mmoja aliwahi kunirudishia saa ikiwa na betri mpya lakini bubu, kengele haiti. Wiki moja baadaye ukungu ukatanda chini ya kioo. Nilipoifungua nikakuta mambo mawili. Mpira wa kuziba ulikuwa umebanwa na kifuniko upande mmoja na kukatika. Na ile chemchemi ndogo kama chembe ya mchele inayosimama kati ya mashine na kifuniko cha nyuma haikuwapo. Ndiyo inayopeleka umeme kwenye kipande cha sauti kilichobandikwa kwenye kifuniko. Bila yake saa inaonyesha wakati lakini haiwezi kulia.

Kwa hiyo fungua juu ya kitambaa cheupe. Toa skrubu, inua kifuniko wima bila kukipindua, na uitafute chemchemi hiyo kabla ya kugusa kitu kingine. Legeza kibano cha betri, weka betri mpya kwa upande uleule, kisha kwa kibanio cha chuma unganisha kwa sekunde chache alama iliyoandikwa AC na mgongo wa betri ili mashine ianze upya. Pangusa mfereji wa mpira hadi usione unywele wala vumbi. Weka mpira mpya uliopakwa grisi ya silikoni kidogo, kiasi cha kung'aa tu, uhakikishe umelala ndani ya mfereji pande zote. Rudisha kifuniko, kaza skrubu moja kisha iliyo mkabala nayo, kidogo kidogo kwa zamu, na ujaribu kengele kabla ya kuivaa.